IF yangu inampa A mtu ambaye hakufanya mtihani. Nimekosea wapi?

#1 KalamuNyekundu
Wakuu, salaam. Nina jedwali la Excel lenye alama za wanafunzi 112. Alama ziko kolamu C, daraja natoa kolamu D kwa fomula hii:

=IF(C2>=80,"A",IF(C2>=65,"B",IF(C2>=50,"C",IF(C2>=40,"D","F"))))

Nimeiburuta mpaka chini na wengi wametoka sawa. Ila kuna minne imenikosesha usingizi. Mstari wa 7 mtu ana 45, kapewa A. Mstari wa 23 nimeandika HF, yaani hakufika, naye kapewa A. Mstari wa 58 sijajaza kitu, kapewa F. Mstari wa 90 ana 80 kamili, naiona kwa macho yangu, kapewa B.

Fomula ni ileile moja. Ama mimi sijui kusoma, ama Excel haijui kuhesabu.

#2 Kaka_Mabano
Mabano hayo mkuu. IF zikipandana hivyo lazima bano moja likose mwenzake. Yahesabu upya.

#3 SeliMoja
#2 umejibu kabla ya kuhesabu. IF ziko nne, mabano ya kufunga yako manne. Na yangekuwa na kasoro, Excel isingekubali hata kuipokea hiyo fomula, ingemrudishia ujumbe palepale.

Mpangilio nao uko sawa, kaanza na kubwa akashuka. Angeanza na C2>=40 kila aliyefaulu angeishia D, maana IF ikishapata jibu la kwanza la kweli haiangalii tena mbele.

Kwa hiyo nashuku data. Mwenye uzi, nenda seli yoyote tupu, andika =ISNUMBER(C7), inayouliza kama kilichomo ni namba (TRUE ni ndiyo, FALSE ni hapana), halafu fanya hivyo hivyo kwa C23, C58 na C90. Lete majibu.

#4 KalamuNyekundu
C7 imetoa FALSE. C23 FALSE, hiyo naielewa. C58 FALSE. C90 TRUE.

Sasa C7 inakuwaje FALSE wakati ni 45?

#5 MhasibuMstaafu
Kwa sababu hiyo si 45. Ni herufi mbili zinazofanana na 45.

Excel ina ngazi yake ya kulinganisha vitu visivyo vya aina moja. Namba zote ziko chini, maandishi yote yako juu ya namba, FALSE iko juu ya maandishi, TRUE iko juu ya wote. Ukiuliza kama maandishi "45" ni makubwa kuliko au sawa na 80, haisomi hata hicho kilichoandikwa. Inaona maandishi upande mmoja na namba upande mwingine, inajibu TRUE. Ndiyo maana HF naye kapita. Ungeandika "mgonjwa" angepata A, ungeandika "kafukuzwa" angepata A.

Seli tupu ni hadithi nyingine. Hiyo ikilinganishwa na namba inachukuliwa kuwa 0, ndiyo maana F.

Dalili ya haraka: namba halisi zinalala upande wa kulia wa seli, maandishi upande wa kushoto. Mradi hujazipanga katikati kwa ajili ya urembo.

#6 KalamuNyekundu
Nilizipanga katikati kwa ajili ya urembo.

#7 Kaka_Mabano
😂😂 Nimeondoa hoja ya mabano.

#8 BintiHesabu
Naongezea kwa #5, maana kuna tupu na tupu. Kama kolamu C yenyewe ingekuwa na fomula inayorudisha "" pale pasipo na alama, ile "" ni maandishi, urefu wake sifuri lakini ni maandishi. Huyo wa mstari wa 58 angetoka F akaruka mpaka A. Na ISBLANK isingekusaidia, kwa sababu seli yenye fomula haihesabiki kuwa tupu hata kama huoni kitu.

Mimi naanza na ulinzi mlangoni:

=IF(C2="","",IF(NOT(ISNUMBER(C2)),"KAGUA",IF(C2>=80,"A",IF(C2>=65,"B",IF(C2>=50,"C",IF(C2>=40,"D","F"))))))

Swali C2="" linazikamata tupu zote mbili. Linalofuata linamkamata HF na yule 45 bandia. Baada ya hapo ndipo unatoa madaraja.

#9 Mdau_wa_Stoo
Halafu mwalimu, wastani wako ulikuwa sahihi? AVERAGE na SUM zikipewa eneo la seli huruka maandishi kimyakimya. Mimi stoo niliwahi kuwa na jumla pungufu wiki nzima, nikashuku watu, kumbe mistari sita ilikuwa maandishi.

#10 KalamuNyekundu
#9 sasa hivi ndiyo nimeangalia. Wastani wa jedwali na wa kikokotoo haukubaliani. Nilidhani nimekosea kubonyeza.

Lakini wakuu, hiyo 45 nimeifuta nikabadilisha muundo wa kolamu nzima kuwa Namba. Mstari wa 7 umepona. Ila sasa nimeona mingine mitatu yenye tatizo hilohilo (31, 66, 104) na hiyo kubadilisha muundo haijaigusa.

#11 SeliMoja
Haijaigusa kwa sababu muundo ni nguo, si mwili. Maandishi yaliyokwisha kuingia yanabaki maandishi mpaka yaingizwe upya. Ule wa 7 umepona kwa kuwa uliandika upya.

Njia ya mkato: andika 1 kwenye seli ya pembeni, inakili, chagua kolamu ya alama, Bandika Maalumu, chagua Kuzidisha. Namba zilizovaa maandishi zinakuwa namba.

Ila swali langu ni zilikujaje. Nadhani kolamu ilikuwa imewekwa Maandishi tangu mwanzo, ukaandika juu yake.

#12 MpitaNjia
Sikubaliani na #11. Kolamu ingekuwa Maandishi zingeharibika zote 112. Hapa zimeharibika nne tano. Mtu kaweka alama ya kudondosha ' mbele ya namba.

#13 BintiHesabu
Au kaandika herufi O badala ya sifuri. Nimeshakutana na 7O na 8O, hasa pale wanaoingiza data wakiwa wawili.

#14 Mdau_wa_Stoo
Au desimali. Kompyuta iliyopangwa kwa nukta ukiiandikia 45,5 huenda isiione kama desimali. Iliyopangwa kwa koma ukiiandikia 12.5 inaweza hata kuifanya tarehe.

#15 MhasibuMstaafu
Badala ya kupiga ramli, mwenye uzi andika =LEN(C31), ihesabu herufi zilizomo.

#16 KalamuNyekundu
LEN(C31) ni 3. Naona 52 tu! C66 nayo 3, inaonekana 71. C104 ni 2.

Na Kuzidisha kwa 1 kumeponya 104 peke yake. 31 na 66 zimegoma.

#17 MhasibuMstaafu
Basi mna magonjwa mawili ndani ya kolamu moja, na kila mmoja aliyebisha hapo juu anaweza kuwa na haki kwa mstari wake.

Hiyo 31 na 66 ina nafasi iliyojificha nyuma, na si nafasi ya kawaida. Ni ile isiyokatika, namba 160, inayokuja sana ukinakili kutoka kwenye kurasa za intaneti. TRIM haiiondoi, TRIM inajua nafasi namba 32 tu. Jaribu:

=VALUE(SUBSTITUTE(C31,UNICHAR(160),""))

#18 KalamuNyekundu
Imekubali! Asante mzee. Hizo mbili walizipata kwa kunakili kutoka ukurasa wa matokeo wa mfumo wetu wa mtandaoni, sasa nakumbuka. Ila 104 niliiandika mwenyewe kwa mkono, sina maelezo.

#19 MpitaNjia
' niliyosema.

#20 SeliMoja
' ingefanya 104 ionekane na alama hiyo kwenye upau wa fomula. Mwenye uzi angeiona.

#21 MpitaNjia
Mtu aliyepanga namba katikati kwa ajili ya urembo unamwamini ataangalia upau wa fomula?

#22 KalamuNyekundu
Nipo hapa jamani nasoma.

#23 NuktaMkato
Wakuu nimechelewa uzi. Nimeinakili fomula ya #8 kama ilivyo, mashine imekataa kabisa, inasema fomula ina tatizo. Nimeitumia pia kwa rafiki kwa ujumbe wa simu, yeye imeingia lakini inatoa #NAME?.

#24 BintiHesabu
Jina lako ndilo jibu lako. Mashine yako inatenganisha sehemu za fomula kwa nukta mkato, si koma. Hilo linafuata mipangilio ya lugha na eneo ya kompyuta, hasa pale koma inapotumika kama alama ya desimali. Badilisha koma zote za kutenganisha ziwe nukta mkato, na utaona.

Ya rafiki yako ni alama za nukuu. Programu za ujumbe na za kuandikia barua hupenda kuzipinda zile " ziwe “ ”. Zikishapinda, Excel inaona jina la ajabu isilolijua. Zifute uziandike upya kwa mkono.

#25 NuktaMkato
Zote mbili kweli. Asante dada.

#26 Kaka_Mabano
Kuhusu lugha, Excel ya Kifaransa IF inaitwa SI, ya Kijerumani WENN. AND ya Kijerumani UND, OR ni ODER. Sijui kwa nini sisi tunaendelea na IF. Ikija ya Kiswahili IF iwe KAMA, AND iwe NA, OR iwe AU, NOT iwe SI.

#27 SeliMoja
Hapo Mfaransa atakutumia fomula yenye SI akimaanisha "kama", wewe usome "siyo". Vita.

#28 MhasibuMstaafu
Vita haviwezi kutokea kwa faili, #27. Ndani ya faili majina hayahifadhiwi kwa lugha ya mtu, kila Excel inayaonyesha kwa lugha yake. Faili ya Mjerumani ukiifungua kwako WENN inakuwa IF yenyewe. Shida inakuja ukinakili fomula kama maandishi, ukaibandika.

Lakini NA na AU za #26 zinanitisha kwa sababu nyingine. Kiswahili cha mdomoni na AND ya kompyuta si ndugu wa tumbo moja. Niliwahi kuombwa kazini, "nitolee ankara ambazo hazijalipwa au hazijafutwa, tuwakumbushe." Nikaandika nilivyosikia:

=IF(OR(E2<>"Imelipwa",E2<>"Imefutwa"),"Kumbusha","")

Zikatoka zote. Kila mstari, Kumbusha. Na mimi sikuangalia, nikapeleka orodha. Barua zikaenda mpaka kwa watu waliolipa miezi miwili nyuma. Simu zilizopigwa siku ile sitazisahau.

Angalieni kwa nini. Chukua ankara iliyolipwa. Swali la kwanza, je si "Imelipwa"? FALSE. La pili, je si "Imefutwa"? TRUE, maana imelipwa, haijafutwa. OR inataka TRUE moja tu, imeipata. Ankara iliyofutwa inapita kwa mlango wa kwanza. Hakuna kitu duniani kinachoweza kuwa "Imelipwa" na "Imefutwa" kwa wakati mmoja ndani ya seli moja, kwa hiyo hakuna kinachoweza kushindwa. Nilichotakiwa kuandika ni AND.

Na Kiswahili kilikuwa na neno lake toka zamani: hazijalipwa WALA hazijafutwa. Wala ni AND ya makanusho mawili. Angesema "wala" nisingekosea.

#29 Kaka_Mabano
Mzee hapo umegusa. Naondoa na pendekezo la #26.

#30 BintiHesabu
Na kinyume chake kipo. Ukiambiwa "nipe wanafunzi wa darasa la tano na la sita", ukaandika =AND(B2=5,B2=6), hupati hata mmoja. Hakuna mtoto aliye tano na sita kwa pamoja. "Na" ya msemaji inajumlisha makundi mawili, AND inamhoji mtu mmoja maswali mawili. Unachotaka ni OR(B2=5,B2=6).

Kwa hiyo #28, tatizo si "au". Tatizo ni kwamba sisi tunaongea kuhusu orodha, fomula inaongea kuhusu mstari mmoja.

#31 MhasibuMstaafu
Mimi bado nasema ni kukanusha. Bila <> "au" yangu isingenidhuru. Mfano wako wa darasa hauna kukanusha, sawa, ila huo mtu anaugundua mara moja maana anapata ukurasa mweupe. Wangu unajaza ukurasa, ndio unaoua.

#32 MpitaNjia
Nyote mnazunguka sheria za De Morgan. Kukanusha OR ni AND ya makanusho: NOT(OR(x,y)) ni sawa na AND(NOT(x),NOT(y)). Na kukanusha AND ni OR ya makanusho. De Morgan na Boole, Mmarekani yule, ndio walioanzisha mambo haya ya TRUE na FALSE.

#33 Mdau_wa_Stoo
Boole alikuwa Mwingereza, akafundisha Cork, Ireland. Kitabu chake kikubwa cha mantiki kilitoka 1854. Mmarekani unayemfikiria labda ni Shannon, aliyeonyesha mwaka 1937 kuwa algebra hiyo inaweza kuendesha saketi za swichi.

#34 MpitaNjia
Nimesahihishwa. Sheria zinabaki zilezile lakini.

#35 SeliMoja
"Ama... ama..." ya mwenye uzi pale #1 ni XOR, mmeiona? Ama hajui kusoma ama Excel haijui kuhesabu, moja tu.

#36 BintiHesabu
Kwa vitu viwili sawa. Vikiwa vitatu XOR inawaponza wengi, maana haiangalii "moja tu", inaangalia kama idadi ya TRUE ni witiri. Tatu zikiwa TRUE zote, XOR inakupa TRUE. Ukitaka moja tu, jumlisha: =(A2="x")+(B2="x")+(C2="x")=1. Ukijumlisha TRUE inakuwa 1 na FALSE inakuwa 0.

#37 Jongoo
Mbona mnamchosha mwalimu na IF za kupandana? Andika mipaka tu:

=IF(50<=C2<65,"C","siyo C")

Ndivyo tulivyofundishwa hesabu, inasomeka vizuri.

#38 SeliMoja
Umeijaribu? Kwangu hakuna hata mmoja anayepata C.

#39 Jongoo
Nimeijaribu ndiyo. Kwangu... ngoja. Kwangu wote wana C. Hata mwenye 12.

#40 SeliMoja
Wote? Haiwezekani. Weka picha.

#41 Jongoo
Kwa nini nidanganye kuhusu C?

#42 MhasibuMstaafu
#39 unatumia LibreOffice badala ya Excel, sivyo?

#43 Jongoo
Ndiyo. Umejuaje?

#44 MhasibuMstaafu
Kwa sababu nyote wawili mnasema kweli. Fomula inasomwa kutoka kushoto. Kwanza 50<=C2, jibu ni TRUE au FALSE. Halafu hilo jibu, siyo C2, ndilo linalinganishwa na 65. Kwenye Excel TRUE na FALSE ziko juu ya namba zote (rudi #5), hivyo si ndogo kuliko 65, FALSE kwa wote. Kwenye LibreOffice TRUE ni 1 na FALSE ni 0, zote ndogo kuliko 65, TRUE kwa wote.

Iandike AND(C2>=50,C2<65) na mtakubaliana.

#45 Jongoo
Basi walionifundisha hesabu walinidanganya.

#46 Kaka_Mabano
Hawakukudanganya, hawakujua utaipeleka huku.

#47 NuktaMkato
Swali la pembeni. AND yangu inatoa #DIV/0! wakati nimeizuia mwenyewe: =IF(AND(B2<>0,A2/B2>2),"Agiza","Subiri"). B2 ikiwa 0 si inatakiwa iishie pale kwenye B2<>0?

#48 Mdau_wa_Stoo
Kwenye lugha nyingi za programu ingeishia pale. AND ya Excel inakokotoa sehemu zake zote kwanza, ndipo inaamua. IF ndiyo yenye subira, inakokotoa tawi lililochaguliwa tu. Zipandanishe:

=IF(B2=0,"Subiri",IF(A2/B2>2,"Agiza","Subiri"))

Na usije ukaifunika kwa IFERROR kama nilivyofanya mimi. Niliizungushia IFERROR(...,0) jedwali zima ili liwe safi. Siku moja mtu akafuta kolamu, #REF! zote zikageuka sifuri nzuri nzuri, tukaagiza mzigo ambao tayari ulikuwa umejaa rafu. IFERROR haichagui kosa. Kama unachoogopa ni kutopatikana tu, tumia IFNA, makosa mengine yaachie yapige kelele.

#49 BintiHesabu
Nikirudi kwa mwenye uzi, kupiga kelele ndiyo hoja yangu ya kuacha IF kwa madaraja. Weka kijedwali pembeni, F2:F6 iwe 0, 40, 50, 65, 80, na G2:G6 iwe F, D, C, B, A. Halafu:

=VLOOKUP(C2,$F$2:$G$6,2,TRUE)

HF akija anapata #N/A, hapati A. Mipaka ikibadilika unabadilisha seli moja, huhariri fomula 112. Sharti mipaka ipangwe kutoka ndogo kwenda kubwa. Na seli tupu bado itapata F, hiyo uizuie mwenyewe.

#50 Kaka_Mabano
Zaidi ya hapo IF haziruhusiwi kupita saba.

#51 MhasibuMstaafu
Saba ilikuwa mpaka Excel ya 2003. Tangu 2007 ni 64. Ila mtu mwenye IF 64 ndani ya seli moja anahitaji likizo.

Sisi wa Lotus 1-2-3, programu ya majedwali ya zamani, tuliandika @IF(C2>=80#AND#D2>=40,"A","B"), neno AND limebanwa na alama za reli pande mbili. Vijana hamjui mateso.

#52 SeliMoja
IFS ni nzuri kuliko zote. =IFS(C2>=80,"A",C2>=65,"B",C2>=50,"C",C2>=40,"D",TRUE,"F"). Hakuna mabano ya kuhesabu. Ile TRUE ya mwisho ndiyo "vinginevyo", ukiisahau aliye chini ya 40 anapata #N/A.

#53 NuktaMkato
IFS nilimtumia mtu mwenye toleo la 2010, kaona _xlfn.IFS, na alipogusa seli ikawa #NAME?. Ni ya kuanzia 2019. Uliza kwanza faili inakwenda kwa nani.

#54 BintiHesabu
Na IFS bado inampa HF daraja A, #52. Umebadilisha mlango, mlinzi hujamweka.

#55 SeliMoja
Mlinzi namweka. Lakini VLOOKUP yako mtu akipanga upya kile kijedwali kutoka juu kwenda chini, inaweza kutoa takataka bila kelele. IFS inaonekana yote mbele ya macho.

#56 BintiHesabu
Kijedwali nakifunga.

#57 SeliMoja
Na mimi seli nazifunga.

#58 KalamuNyekundu
Wakuu nimefuata #8, nimebaki na mmoja tu, yule wa mstari wa 90. ISNUMBER yake TRUE, LEN nimejaribu inasema 4, naona 80, daraja B. Ni nafasi ile ya 160 tena?

#59 MpitaNjia
Ingekuwa nafasi, ISNUMBER ingekuwa FALSE. Hii ni kasoro ya kompyuta kwenye desimali. Jaribu =1*(0.5-0.4-0.1), haikupi sifuri, inakupa kitu kama -2.78E-17. Kompyuta haiwezi kuandika 0.1 kamili kwa mfumo wake wa mbili. 80 yako ni 79.99999.

#60 MhasibuMstaafu
Mfano wako ni wa kweli ila hauhusiki. LEN ni 4, #59. Herufi nne, nukta ikiwamo. Mwalimu, alama za C90 zinatoka wapi, na ongeza desimali mbili uone.

#61 KalamuNyekundu
C90 tu ndiyo ina fomula, huyu alirudia jaribio moja: =0.4*H90+0.6*I90. Nimeongeza desimali. Ni 79.60. 😳

#62 Kaka_Mabano
Excel inajua kuhesabu basi.

#63 SeliMoja
Kolamu ilikuwa imeficha desimali. Unaona 80, IF inaona 79.6. Weka =ROUND(0.4*H90+0.6*I90,0) pale pale C90, kinachoonekana na kinachopimwa viwe kitu kimoja.

#64 BintiHesabu
Hapana. Hiyo ni kumpa mtu daraja kwa fomula. Kukadiria ni uamuzi wa kanuni za mtihani, si wa seli. Onyesha desimali moja, B yake ibaki B, akiuliza aone 79.6.

#65 Mdau_wa_Stoo
Lakini wengine 111 alama zao zimeandikwa bila desimali. Nani alizikadiria hizo? Kama mtu alikadiria kichwani akaandika 80, huyo kapata A. Huyu wa 90 ameonewa kwa kuwa yake ilihesabiwa na mashine.

#66 BintiHesabu
Basi hesabuni zote na mashine.

#67 KalamuNyekundu
#65 ni kweli, zingine zilikadiriwa kwa mkono na kila msahihishaji, na sijui kila mmoja alifanyaje. Sina karatasi zao zote.

Naomba nisiguse C90 leo. Lingine nililokuwa sijawaambia ni kwamba orodha ya kwanza nilishaibandika ukutani juzi kabla ya kufungua uzi. Yule HF leo asubuhi amekuja ofisini, adabu zote, ameuliza kama ile A inahesabika.

#68 Kaka_Mabano
Umemjibuje?

#69 KalamuNyekundu
Nimemwambia arudi kesho.